Kimya Nilichompa Mfalme

Walisema sitaweza. Mjomba wangu Felisian alisema baridi itaniua kabla ya Pasaka ya kwanza. Mwalimu wangu wa hesabu alisema hakuna Mzungu atakayempa mtoto wa mkulima wa ndizi cheti cha mitambo. Ta Zakaria, mwinjilisti wa usharika wetu, alisema neno lililoniuma kuliko hayo mawili. "Cheti unaweza kukipata, Erasto," alisema. "Lakini Kristo utamwacha uwanja wa ndege." Alisema hivyo huku akinivisha koti lake la sufu, maana mimi sikuwa na koti. Kwetu Buhaya mzee wa heshima huitwa Ta, na Ta akisema humjibu. Nikapokea koti na neno lake kwa pamoja, nikapokea na saa ya mkononi aliyoniazima mjomba, nikaondoka.

Cheti nilikipata. Kiko ukutani sebuleni kwangu Bukoba, kimeandikwa Kiswidi, na kila anayeingia namsomea. Mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa funguo za lifti katika kampuni yetu ya Stockholm, na sikubebwa na mtu. Sikuwa na baba waziri wala shemeji ubalozini. Nasema haya kwa fahari na sitaomba radhi. Lakini vijana wa ufundi mlioniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani, jueni kwamba juu ya cheti kile kuna sahihi ambayo kwa miaka minne sikuwa na haki nayo. Mswidi mmoja aliilipia kwa vidole viwili.

Nilianza kazi mwezi wa Januari, mwishoni mwa miaka ya sitini. Karakana ilikuwa kusini mwa jiji, jengo refu la matofali lililonuka grisi na kahawa. Aliyenipokea ni Verkmästare, ndivyo walivyomwita msimamizi wa karakana, mtu mfupi mwenye nyusi nyeupe na penseli sikioni. Miaka ile Waswidi walikuwa wamechoka na vyeo. Ghafla nchi nzima ilikubaliana kwamba kila mtu aitwe wewe tu, daktari wewe, mkurugenzi wewe, na aliyetaka kuitwa bwana alichekwa.

"Niite kwa jina langu," aliniambia.

"Siwezi, Verkmästare."

"Kwa nini huwezi?"

"Umri wako ni wa baba yangu, Verkmästare."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Basi niite unavyotaka," alisema, "ila kazi ufanye ninavyotaka mimi."

Kisha akanipeleka mpaka kwenye shimo la majaribio, akanionyesha kazi. Lifti, vijana, si sanduku linalopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, kama mnavyodhani. Ni mizani. Upande mmoja kuna kibanda wanamopanda watu, upande wa pili kuna uzani wa chuma, na vyote viwili vinaning'inia kwenye kamba za chuma zilizopita juu ya gurudumu kubwa katika chumba cha mashine, ambacho kwa kawaida kiko chini ya paa. Mota inazungusha gurudumu, breki inalishika. Fundi wa ukaguzi hufanya kazi amesimama juu ya paa la kibanda, ndani ya shimo, na mwenzake yuko juu kwenye chumba cha mashine, mkono kwenye swichi kuu. Hawaonani. Walicho nacho ni sauti tu.

"Wa chini anauliza: *Klart?*" Verkmästare alisema. Maana yake, tayari? "Wa juu anashusha swichi, umeme unakatika, ndipo anajibu kwa sauti kubwa: *Klart!* Asipojibu, wa chini hagusi kitu. Kimya si jibu. Kimya ni maiti au ni mpumbavu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Verkmästare."

"Sema tena."

"Kimya si jibu."

Nililisema neno hilo kwa Kiswidi safi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza katika kozi ya lugha. Nikumbukeni hapo.

Sasa lazima nieleze jinsi nilivyokuwa nikisali, maana ndiyo kiini cha habari hii. Babu yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliokaa barazani kwa Omukama, mfalme wetu, kabla ufalme haujaondolewa. Bibi alitufundisha adabu ya baraza lile. Mbele ya mfalme huingii na maneno mengi. Unaingia, unapiga magoti, unanyamaza, unasubiri. Mtu anayepayuka mbele ya Omukama anaonyesha kwamba hajui yuko mbele ya nani. Bibi alipobatizwa uzeeni hakubadilisha adabu hiyo, alibadilisha Mfalme tu. Alikuwa akikaa mkekani asubuhi, macho amefumba, mdomo umefungwa, na sisi watoto tulijua kwamba Kristo yumo chumbani. Sikuwahi kumwona mtu mwingine aliyesali namna ile, na sikuwahi kutaka namna nyingine.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kukaa kwenye swichi, nilianza desturi yangu. Nilishusha swichi, nikaacha mkono wangu juu ya mpini wake, nikafumba macho, nikanyamaza kwa pumzi tatu. Sikuomba kitu. Nilikiri tu moyoni kwamba nyumba hii ina Mfalme, na roho ya mtu aliye chini iko mikononi mwake kabla haijawa mikononi mwangu. Katika nchi iliyokuwa inafuta vyeo, mimi nilibaki na mmoja ambaye sikukubali kumwita wewe tu.

Mwenzangu wa kazi aliitwa Ove. Alikuwa fundi wa miaka mingi, mrefu, mwekundu wa shingo, asiyekwenda kanisani hata Krismasi. Vidole vyake vilikuwa vinajua kamba. Kamba ya chuma ikichakaa, nyuzi zake ndogo hukatika moja moja na kuchomoza kama miiba. Ove alipitisha mkono na kitambaa juu ya kamba, akakuambia ni ya kubadilisha mwaka huu au mwaka ujao, na hakukosea. Mimi alinifundisha mpaka nikawa hodari kama yeye. Baadhi ya wenzetu walisema hodari kuliko yeye.

Mwanzoni alikuja juu kuniangalia. "Unafanya nini hapo, umelala?"

"Namsalimu Mfalme."

"Nani, huyu mzee wetu wa kasri?"

"Yesu Kristo."

"Na anakaa wapi?"

"Yuko kila mahali."

"Basi huyo hahitaji lifti," alisema Ove, akashuka anacheka peke yake ghorofa zote sita.

Lakini alizoea. Na hapa ndipo kosa lilipoanza, taratibu, bila mtu kuliona. Ove akiwa chini aliuliza, "Klart?" Mimi swichi nilikuwa nimeshaishusha, lakini nimo katika pumzi zangu tatu, na sikutaka kumkatizia Mfalme ili nimjibu fundi. Nilijibu baadaye. Baada ya miezi kadhaa Ove akaacha kungoja. Alisikia kimya, akaanza kazi. Siku moja tukinywa kahawa aliniambia, "Wengine wakinyamaza naogopa. Wewe ukinyamaza najua uko na mfalme wako, na swichi iko chini." Wote mezani wakacheka, na mimi nilijivuna. Nilijiona nimemhubiri Ove bila kufungua mdomo. Asiyeamini chochote aliamini kimya changu.

Nyumbani nilikuwa nakaa Hässelby, mwisho wa reli, chumba kimoja na Bakari wa Tanga, aliyekuwa mwanafunzi wa uchapaji. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri, na hatukugombana ila juu ya chumvi. Jumapili jioni Wakristo wachache wa Kenya na Tanzania tulikutana kusali katika ukumbi wa chini wa jengo jirani. Aliyetuongoza alikuwa Dada Mumbua, muuguzi kutoka Machakos, mwenye sauti ya kuvunja vioo. Kila mtu aliomba kwa sauti, wote kwa mpigo. Mimi nilikaa kwenye kiti nimenyamaza.

"Kaka Erasto, hebu omba nasi tukusikie," alikuwa akinitania. "Ama huko kwako stima imepotea?"

"Mimi ndiye fundi wa umeme hapa, Dada. Najua ulipo."

"Haya, washa basi!"

Niliudhika, lakini sikubadilika. Waliokuwa wanapayuka niliwaona kama watu wasiojua adabu ya baraza. Hayo nayaandika kama yalivyokuwa. Nilikuwa na kiburi hata katika kunyamaza.

Mambo yalienda hivyo mpaka katikati ya miaka ya sabini. Kampuni ilikuwa imepata kazi kubwa ya nyumba mpya za Hallonbergen, majengo marefu yaliyoota kama uyoga, na kila ngazi na lifti yake. Verkmästare alitaka mafundi wenye cheti kamili, na mimi nilikuwa nimebakiza sahihi yake moja tu. Bila cheti nilikuwa mwanagenzi aliyezeeka, na kibali changu cha kukaa kilikuwa kinaelekea mwisho. Nikirudi mikono mitupu, wale waliosema sitaweza wangekuwa wamesema kweli.

Mwaka huo nilimrudishia Ta Zakaria koti lake. Nilikuwa nimeshanunua langu, zuri zaidi, na kijana mmoja wa kwetu alikuwa anakwenda likizo. Nilimpa koti na saa ya mjomba. Mjomba alijibu kwa shukrani. Jibu la Ta Zakaria lilifika asubuhi moja ya masika, na nilifungua bahasha kwenye treni nikienda kazini. "Koti limefika," aliandika. "Lakini huyu kijana anatuambia kwamba katika mkutano wa maombi wewe hukaa kama kisiki, hufungui kinywa. Nilikuambia utamwacha uwanja wa ndege. Koti limerudi salama. Je, imani yako imerudi, au imebaki huko?"

Kazi ya siku ile ilikuwa katika nyumba ya kale mjini kati. Lifti ilikuwa ya zamani, kibanda cha mbao chenye kioo na benchi, shimo lake limezungukwa na wavu wa chuma katikati ya ngazi. Lifti mpya zina swichi ya kusimamisha juu ya paa la kibanda, ili fundi ajilinde mwenyewe. Ile haikuwa nayo. Ulinzi wote ulikuwa kwenye swichi kuu, na swichi kuu ilikuwa kwangu.

Nilipanda mpaka darini. Barua ilikuwa mfukoni na ilikuwa inaniunguza. Nikaweka mkono juu ya mpini, nikafumba macho. Sikuwa nimeshusha swichi. Miaka yote nilishusha kwanza, nikasali baadaye. Siku hiyo hasira ilitangulia, mkono ukasahau. Na sikusali. Nakiri hapa mbele yenu. Nilifumba macho nikawa namjibu Ta Zakaria. Nilimwambia hajui kitu, hajawahi kuona barafu, hajui kwamba Mfalme ninayemsalimu kila siku mimi ninamjua kuliko yeye na kengele yake ya kanisa. Nilimjibu vizuri sana. Kwa nje ilionekana ni kimya kile kile.

Nilimsikia Ove. "Klart?"

Nilimsikia. Nikasema moyoni, ngoja kidogo.

Kule chini mama mmoja wa ghorofa ya nne alibonyeza kitufe. Mota ikanguruma mbele yangu, gurudumu likazunguka, na nikasikia Ove akipiga ukelele. Nilishusha swichi. Ilikuwa mizunguko miwili ya gurudumu, si zaidi. Lakini mkono wake ulikuwa kwenye kamba, karibu na roda, gurudumu dogo lililo juu ya kibanda, akitafuta nyuzi zilizokatika kama alivyonifundisha mimi kutafuta. Kamba iliuvuta mkono ndani.

Siku tatu baadaye Verkmästare aliniita ofisini. Mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi alikuwa amekaa pembeni na karatasi. Cheti changu kilikuwa juu ya meza, tayari, hakijatiwa sahihi. Nilikiona kabla sijawaona watu.

"Nimetoka hospitali," alisema Verkmästare. "Ove amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Anasema kosa ni lake. Anasema hakuuliza, aliweka mkono kwenye kamba kabla ya kuuliza." Aliitoa penseli sikioni. "Wewe ulikuwa juu. Ni kweli hakuuliza?"

Ningeweza kusema neno moja. Aliuliza. Kwa Kiswidi ni fupi vile vile. Niliangalia cheti, nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Yule aliyenifundisha siku ya kwanza kwamba kimya si jibu, aliningoja kidogo. Kisha akasema, "Haya," akaandika. Akavuta cheti, akatia sahihi, akakisukuma upande wangu.

"Jumatatu unaanza Hallonbergen," alisema. "Kiongozi wa kundi."

Jioni ile Bakari alikuwa amepika wali wa nazi ya kopo ili tusherehekee. Alikisoma cheti mara mbili, akanipiga bega, akaona sili.

"Bwana Erasto, unakula kama umefiwa. Kuna nini?"

Nikamweleza.

"Kwani alikuuliza, au hakukuuliza?"

"Aliuliza."

"Na wewe pale ofisini ulisemaje?"

"Sikusema kitu."

"Basi umesema," alisema Bakari, akaanza kuondoa sahani. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mimi kabla ya swala naosha wino wa kiwandani mpaka kwenye kucha. Wewe kesho utakwenda kwa Mfalme wako na mkono gani?"

Nilimwambia asiingilie dini ya watu. Hatukuzungumza wiki nzima.

Ove alirudi kazini baada ya miezi. Shimoni hawakumruhusu tena, kwanza kwa sababu ya mkono, pili kwa sababu kwenye karatasi alikuwa fundi aliyevunja sheria ya kwanza ya kazi. Wakamweka stoo. Aliyekuwa akiisoma kamba kwa vidole alikaa nyuma ya dirisha dogo akigawa skrubu na makopo ya grisi. Nilipokwenda kuchukua vifaa alinipa, nikatia sahihi, tukasema habari za hali ya hewa. Nilimshukuru mara moja tu, kwa sauti ya chini. Alinitazama kama anayengoja sentensi iendelee. Mimi nikaona nimemaliza.

Kazi yangu ilipaa. Hallonbergen niliimaliza kabla ya muda. Reli ilipofika Norsborg na majengo yake yakajaa watu, nilipewa eneo zima la kule. Waswidi wenye miaka mingi kuliko yangu walinipigia simu kuniuliza breki ikilia ni dalili ya nini, na niliwaambia bila kuiona. Hayo ni ya kweli, na hakuna atakayeninyang'anya.

Lakini kusali sikuweza. Kila nilipoweka mkono kwenye mpini na kufumba macho, nilimsikia Ove akiuliza. Niliendelea kufumba macho, kwa desturi, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha baraza ambalo mfalme ameliacha. Na jambo chungu ni kwamba miaka hiyo ndiyo watu walianza kunisifu. Dada Mumbua aliacha kunitania. Aliwaambia wageni, "Mwacheni Kaka Erasto, huyo ni mtu wa kilindi." Nilipokea sifa ile kama nilivyokipokea cheti.

Ijumaa Kuu moja tulisomewa habari za Kristo mbele ya Pilato, jinsi Mfalme mwenyewe alivyoshtakiwa na hakujibu neno. Mwenzangu mmoja akanigusa kiwiko, akanong'ona, "Kama wewe." Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji. Yeye alinyamaza akabeba lisilo lake. Mimi nilinyamaza nikambebesha mwenzangu lililo langu. Kutoka nje ni nani angetofautisha? Hata Verkmästare hakutofautisha, hata mimi karibu nisitofautishe. Tangu siku ile nilijua kwamba kumheshimu Mfalme kwa kunyamaza ni halali ya mtu ambaye kwanza ameshajibu alipoulizwa.

Nilijua hivyo, na bado nilikaa mwaka mzima bila kusema. Msinitafutie udhuru.

Baadaye nilirudi Tanzania, nikafanya kazi Dar es Salaam mpaka kustaafu. Lifti za ofisi nyingi za serikali zilipita mikononi mwangu, na zikisimama leo ni kwa sababu wamewaajiri watoto wa wakubwa badala ya vijana wangu. Vijana hao walinichukia kwa jambo moja: kwangu hakuna aliyegusa kamba bila kujibiwa kwa sauti. Nilimfukuza mmoja aliyejibu kwa kutikisa kichwa, na alikuwa mpwa wangu. Ta Zakaria alifariki kabla sijafika. Mjomba Felisian aliishi, akakisoma cheti kwa miwani ya jirani, akauliza kama nimekuja na gari. Watu wa kwetu hawakuwahi kuuliza kingine. Sasa nakaa katika nyumba ya chini, isiyo na ngazi wala lifti, na asubuhi nakaa kwenye kiti changu macho nimefumba. Wajukuu wanadhani babu amelala. Ninachowaambia vijana ni kwamba imani si kelele, na hata kimya chenyewe si imani. Vyote viwili mtu anaweza kujificha nyuma yake. Mimi nilijificha nyuma ya kile kilicho bora, ndiyo maana nilichelewa kuonekana.

Narudi Stockholm, siku yangu ya mwisho kazini, maana ndipo hesabu yangu ilipofungwa. Koti lilikuwa limerudi, saa ilikuwa imerudi. Alibaki aliyeniazima mmoja.

Desturi ya karakana ni kwamba fundi anayeondoka hurudisha vifaa vyake stoo, kimoja kimoja, msimamizi akiwa shahidi. Verkmästare alisimama pembeni, nyusi zake zikiwa nyeupe zaidi, naye mwenyewe akikaribia kustaafu. Ove alikuwa dirishani. Alitaja kifaa, nikakiweka mbele yake. Spana. Taa. Mkanda wa usalama. Kipimo cha breki. Mwisho ufunguo wa milango ya shimo, ule niliokuwa nikijivunia. Aliuchukua kwa vidole vyake vitatu, akautundika.

"Kuna kimoja zaidi," nilisema.

"Karatasini hakipo," alisema Ove.

"Uliuliza." Nilisema kwa sauti, na mafundi wawili waliokuwa wakipita wakasimama. "Siku ile uliuliza klart, nikakusikia, swichi ilikuwa juu, na sikujibu. Verkmästare aliponiuliza, nilinyamaza. Cheti kile nilikipata hivyo. Verkmästare, kama unataka kukifuta, kifute."

Verkmästare aliitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Niliwafundisha wote kwamba kimya si jibu. Lakini Hallonbergen ilikuwa inangoja mtu." Akaangalia sakafu. "Cheti ni chako. Unaijua kazi. Aibu tutagawana." Akaondoka kuelekea ofisini kwake, polepole, na hakuniaga.

Tulibaki mimi na Ove na dirisha kati yetu.

"Kwa nini ulisema hukuuliza?" nilimwuliza.

"Kwa sababu wewe bila karatasi ile ulikuwa huna pa kurudi, na mimi nilikuwa na pa kurudi. Nilidhani kesho yake utakuja mwenyewe useme. Wewe na mfalme wako." Alikuwa anapangusa ubao wa dirisha, ubao uliokuwa safi. "Nilikuazima siku moja, Erasto. Ulikaa nayo miaka minne."

"Najua."

"Mimi sikuwa naamini kitu, unakumbuka? Niliamini kimya chako. Sasa nina redio hapa stoo, siizimi."

Nilimpa mkono, akautazama, hakuupokea. Alishika ubao wa dirisha ili afunge, kisha akasita. Akaniuliza, si kwa upole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinipigia kutoka chini ya shimo:

"Klart?"

"Klart!" nilijibu, mpaka waliokuwa mwisho wa karakana wakageuka.

Akafunga. Nikasikia redio yake ikizungumza ndani. Niliweka mkono wangu juu ya ubao wa dirisha lililofungwa, nikafumba macho, pumzi tatu. Hakuna aliyeniuliza.